Nitasomea wapi kazi ya zimamoto?

*Swali: Shikamoo afande. Mimi ni kijana wa miaka 22, natokea Singida. Nimemaliza kidato cha nne na nina daraja la tatu. Tangu nilipowaona askari wa zimamoto wakifukua watu kwenye tope la Katesh mwaka 2023, nimeamua hiyo ndiyo kazi yangu. Nimetafuta vyuo mtandaoni, vinavyotokea vingi ni vya Marekani. Kipo kimoja cha hapa nchini kinachotoa cheti kwa miezi mitatu, ada shilingi 850,000, na wanasema ukimaliza wanakuunganisha na ajira jeshini. Binamu yangu aliyeko Doha yeye anasema niachane na vya hapa, nitafute cheti cha NFPA. Nifuate lipi? Halafu naogopa kupanda juu. Hilo litaniangusha?*

Marahaba, kijana wangu. Hiyo laki nane na nusu iache hapo hapo ilipo mpaka umalize kusoma barua hii.

Kilichokuchanganya ni mpangilio wa mambo. Umetafuta chuo mtandaoni ukaletewa Marekani, na kule kijana anaweza kweli kujilipia masomo ya uzimaji moto kwenye chuo cha jamii, akapata cheti chake, ndipo akazunguka na vyeti mkononi kuomba kazi mji huu na mji ule. Kila mji una kikosi chake na masharti yake, na zaidi ya nusu ya wazimamoto wa nchi ile ni watu wa kujitolea. Kwetu mambo yamekaa kinyume. Tanzania Bara zimamoto ni jeshi, na jeshini mtu huajiriwa kwanza ndipo akapelekwa depo. Hakuna chuo cha mtaani kinachoweza kukufanya askari wa zimamoto, hata kikupe joho na kofia siku ya mahafali.

Zamani haikuwa hivi. Vikosi vya zimamoto vya miji vilikuwa chini ya halmashauri, kila mji na faya yake, wengine na gari bovu na wengine hawana hata hilo. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoviweka pamoja vikawa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Tangu hapo kuingia ni kwa mlango mmoja: tangazo la ajira linatoka, unaomba kupitia mfumo wao wa ajira mtandaoni (ajira.zimamoto.go.tz), unaitwa kwenye usaili, unapimwa afya, na ukichaguliwa unapelekwa mafunzoni. Chuo cha Jeshi kiko Chogo, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Kuruti haombi nafasi Chogo kama mtu anavyoomba chuo cha ualimu, na halipi ada. Anapelekwa na mwajiri wake.

Unamkumbuka Majaliwa Jackson, yule mvuvi wa Bukoba? Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria, yeye na wavuvi wenzake walifika kabla ya vyombo vyote na kasia lake likawa kifaa cha uokoaji. Serikali iliagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apewe mafunzo humo. Kijana aliyeokoa watu mbele ya macho ya nchi nzima naye aliandikishwa kwanza, mafunzo yakafuata. Basi mtu anayekuuzia mpangilio mwingine, muulize ameutoa wapi.

Sasa tangazo lenyewe. Huwa halikai wazi muda mrefu, na wengi hukosa kwa sababu za kijinga kabisa. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka raia wa Tanzania mwenye cheti cha kidato cha nne au zaidi, mara nyingi wa miaka 18 hadi 25 kwa ngazi yako, mwenye afya njema, asiyeoa, asiye na michoro mwilini, asiye na kumbukumbu ya uhalifu, na urefu wa futi 5.7 kwa wanaume na 5.4 kwa wanawake. Masharti hubadilika kidogo kati ya tangazo na tangazo, kwa hiyo soma lile litakalotoka, usitegemee hili langu. Ila ona hesabu ya umri: una 22. Ukipoteza mwaka mmoja kwenye kozi isiyokusogeza popote, na mwingine ukisubiri huo “muunganisho”, umebakiwa na mmoja.

Jambo linalowaangusha vijana wengi kuliko kimo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Juma Hamisi, cha kidato cha nne kinasema Jumaa Khamis, na namba ya NIDA imebeba jina la babu ambalo halipo kwingine. Wewe unajua ni mtu mmoja, mfumo haujui. Kurekebisha jina kunaweza kula wiki na miezi, na tangazo halitakusubiri. Anza leo. Weka cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha NIDA juu ya meza moja, usome herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, uliza RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na ofisi ya NIDA ya wilaya wanataka nini, hati ya kiapo au vinginevyo, ulimalize kabla hujawa na haraka.

Jingine ni fani. Jeshi halichukui tu watu wa kushika mpira wa maji. Gari la zimamoto linahitaji dereva wa magari makubwa na fundi wa kulitengeneza, watu wa umeme wanahitajika, wauguzi pia, na wanaojua kuogelea na kuzamia. Ukiniuliza laki nane na nusu yako ingefanya nini cha maana, nitakwambia nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA hapo hapo Singida uulize kozi ya udereva au ufundi magari au umeme. Cheti cha namna hiyo kinakupa la kusema kwenye fomu, na jeshi likikukataa bado una kazi ya mikono. Cheti cha “zimamoto” cha miezi mitatu hakikupi hata kimoja kati ya hivyo viwili. JKT kwa kujitolea nayo ni njia inayofaa kufikiriwa, kwa kuwa vyombo vyetu vimezoea kuchukua vijana walioko makambini.

Kuhusu hicho chuo kinachoahidi kukuunganisha: neno hilo moja linatosha. Hakuna chuo binafsi chenye nafasi za jeshi mfukoni. Anayeomba pesa ili akupenyeze ni tapeli, awe amevaa suti au magwanda, na akikupa stakabadhi ni tapeli mwenye stakabadhi.

Lakini nisiwatie wote kapu moja. Vyuo na kampuni zinazofundisha uzimaji moto kwa raia zipo, na kuna watu wanaozihitaji kweli. Kiwanda kinahitaji wafanyakazi wanaojua kutumia mitungi ya kuzimia moto na kuwatoa watu ndani. Hoteli vivyo hivyo, na bohari za mafuta zaidi. Migodi mikubwa, kama ile ya Geita, ina timu zake za dharura, na mara nyingi wanaoingia humo ni wafanyakazi waliokwisha kuwa mgodini kwa kazi nyingine: fundi, dereva, mchimbaji, kisha anajitokeza, anafundishwa. Na baharini hakuna faya ya kupigia simu. Ndiyo maana kila baharia anatakiwa kuwa na mafunzo ya kuzuia na kuzima moto chini ya mkataba wa kimataifa wa STCW, na uwezo huo unapaswa kuthibitishwa upya kila baada ya miaka 5. Kwa hayo kuna Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, na kwa jirani zetu Bandari Maritime Academy ya Mombasa. Kama ndoto yako ingekuwa meli, ningekwambia lipa ada uende. Umeniandikia habari za Katesh, si za meli.

Ikitokea siku unatakiwa kuchagua chuo cha kulipia, au ndugu yako anataka kuchagua, hivi ndivyo ninavyokikagua mimi.

Usajili kwanza, lakini usiishie hapo. NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, wana orodha ya vyuo vilivyosajiliwa, na ndani ya orodha tazama kozi, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kufundisha ukatibu muhtasi halafu kikaning'iniza bango la zimamoto getini. Kisha funga safari ukakione. Siku moja nilialikwa kwenye mahafali ya chuo ambacho sitakitaja. Wahitimu 60, gwaride zuri, hotuba ndefu. Nikaomba kuona uwanja wa mazoezi, wakanipeleka nyuma ya bweni. Kulikuwa na mitungi mitatu ya kuzimia moto, miwili ikiwa imeisha gesi, na pipa lililokatwa nusu. Nikauliza maji yako wapi. Wakaonyesha bomba la kufulia.

Kwa hiyo uliza maji. Wanafunzi wanavutia maji wapi, kwa pampu gani? Kazi hii nusu yake ni hesabu ya maji, na mtu asiyewahi kusimama kwenye pampu haijui hesabu hiyo. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo hizo ni tani 5 za maji barabarani, na ndiyo maana gari haliwezi kukata kona kama bodaboda. Ukifungua mpira mmoja unaotoa lita 500 kwa dakika, una dakika 10. Ukifungua miwili, una 5. Baada ya hapo wananchi wanapiga kelele “faya wamekuja hawana maji!” Walikuja nayo, kijana wangu. Yameisha wakati watu wanahesabu magodoro yaliyotolewa nje. Kama hakuna haidranti, yaani bomba la barabarani la kuchotea maji ya kuzimia moto, inayofanya kazi karibu, wala gari la pili la kuleta maji, moto wa ghala hauwezi kuzimwa na tangi moja. Mwanafunzi anapaswa kuujua ukweli huo kwa mikono yake: aunge mpira, asikie nguvu inavyomrudisha nyuma, aone mshale wa kipimo ukishuka.

Uliza pia mitungi ya hewa ya kupumulia, ile inayobebwa mgongoni. Iko mingapi kwa wanafunzi wangapi, na nani anaijaza? Mtungi wa lita 6 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 300 una hewa ya lita 1,800 hivi. Kwa kipimo cha lita 40 kwa dakika hizo ni dakika 45, lakini hicho ni kipimo cha karatasini. Mtu mwenye hofu, aliyebeba mwenzake, anapanda ngazi gizani, anaimaliza mapema zaidi, na lazima aanze kutoka kabla kengele ya akiba haijalia. Hilo halifundishwi kwa picha za ukutani. Linataka chumba cha moshi, ambamo unaingia huoni hata kiganja chako, unatambaa mkono ukifuata ukuta, unarudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Chuo kisicho na chumba cha namna hiyo kinaweza kukufundisha tahadhari za moto, na hilo si jambo dogo kwa mlinzi au mhudumu wa hoteli. Kukufanya mzimamoto hakiwezi.

Kisha tafuta wahitimu wawili wa miaka miwili iliyopita, usiwatafute kupitia kwa chuo. Waulize wanafanya kazi gani leo.

Sasa tuje kwa binamu. Hajakudanganya, ila ameruka hatua. NFPA ni shirika la Marekani la tangu mwaka 1896 linaloandika viwango. Kiwango kinachotajwa sana kwenye matangazo ya kazi za Ghuba ni NFPA 1001, cha sifa za mzimamoto, ngazi ya kwanza na ya pili. Siku hizi kimeunganishwa na vingine ndani ya NFPA 1010, lakini midomoni mwa watu na kwenye matangazo namba ya zamani bado inaishi. NFPA wenyewe hawakupi cheti cha 1001. Cheti hutolewa na taasisi ya mafunzo iliyokubaliwa na moja ya mamlaka mbili, Pro Board au IFSAC, na huwa na muhuri wenye namba unaoweza kuthibitishwa. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayekuuzia “cheti cha NFPA” kwa kozi ya wiki mbili kupitia WhatsApp, muulize swali moja tu: muhuri ni wa Pro Board au wa IFSAC, na taasisi yenu iko kwenye orodha yao? Akianza kuzunguka mbuyu, agana naye kwa amani.

Hata ukikipata halali, gharama ni kubwa, maana mara nyingi ni lazima usafiri na ufanye mazoezi ya moto wa kweli. Na waajiri wengi wa kule, hasa viwanja vya ndege na makampuni ya mafuta, hutaka cheti pamoja na miaka ya kazi. Viwanja vya ndege ni dunia yake: kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, gari la kwanza linatakiwa kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na watu wa kazi hiyo hufundishwa mahususi. Kwetu wanaokaa kwenye vituo vya zimamoto viwanjani ni askari wa Jeshi hili hili unalolitaka. Kama Doha ipo kwenye ndoto zako, njia yenye akili ni kuanzia hapa, kupata miaka yako ya kazi, kisha kwenda na kitu cha kuonyesha.

Usihangaike kabisa na yale majina makubwa yanayotokea ukitafuta. National Fire Academy ya Emmitsburg, Maryland, ni ya watu waliokwisha kuwa kazini, si ya wanaoanza. Fire Service College ya Moreton-in-Marsh, Uingereza, nayo hupokea hasa watu waliotumwa na waajiri wao. Utawafikia siku jeshi litakapokutuma, na wapo wenzetu waliokwenda.

Wasomaji wengine huniuliza swali hili hili kutoka nje ya Bara, niwajibu kwa ufupi. Zanzibar zimamoto ni moja ya Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), kwa hiyo tangazo lao mlitafute huko. Kenya kazi hii ni ya kaunti tangu Katiba ya 2010, na nafasi hutangazwa na bodi za utumishi wa umma za kaunti. Kule cheti cha chuo kilichoidhinishwa kinaweza kukusaidia kabla ya ajira, maana kila kaunti hupanga masharti yake, na kanuni za usalama wa moto kazini za mwaka 2007 zimefanya hata waajiri binafsi watake watu waliofundishwa. Uganda na Rwanda wazimamoto ni polisi; anza na polisi.

Nirudi kwako. Nenda kituo cha zimamoto cha mkoa hapo Singida mjini. Nenda asubuhi, umevaa vizuri, usiende na bahasha ya vyeti kana kwamba umeitwa. Waambie unataka kuijua kazi. Uliza wana mpango gani wa kufundisha wananchi, maana kutoa elimu ya kinga ni sehemu ya kazi yao na wengi wanaipenda. Utajua mengi kwa saa moja kuliko kwa mwezi wa kutafuta mtandaoni, na utaona kama kazi yenyewe unaipenda au ulipenda ile picha ya Katesh tu. Sehemu kubwa ya wito wa 114, namba yetu ya dharura, si ghorofa linalowaka. Ni mtoto aliyetumbukia kisimani, fundi aliyekwama shimoni, lori lililopinduka usiku na dereva amebanwa na usukani. Sisi tunaitwa Zimamoto na *Uokoaji*, na kuna miezi neno la pili ndilo linalokula muda wote.

Jiunge pia na Msalaba Mwekundu wa mkoa kama mtu wa kujitolea, ujifunze huduma ya kwanza vizuri. Jifunze kuogelea; najua Singida si Tanga, lakini kuogelea kwa uhakika ni sifa ambayo waombaji wengi hawana. Na mwili uandae kwa mzigo, si kwa mbio peke yake. Huko Marekani wana mtihani mmoja wa waombaji unaitwa CPAT: vituo 8 mfululizo ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umevaa kizibao cha karibu kilo 23, na kwenye ngazi unaongezewa zaidi ya kilo 11. Sio mtihani wetu, lakini ni kipimo kizuri cha nyumbani. Jaza ndoo mbili za lita 10, tafuta jengo lenye ngazi, panda nazo mpaka mapaja yaseme. Buruta tairi lililofungwa kamba. Mbebe mdogo wako mgongoni kutoka kisimani hadi nyumbani, akubali lakini.

Mwisho umesema unaogopa kupanda juu. Mimi niliogopa hadi mwaka wangu wa tatu kazini. Mkufunzi wangu wa kwanza alikuwa na maneno machache, na kwenye ngazi alisema mawili tu: tazama mikono yako, usitazame chini, na muda wote viungo vitatu viwe vimeshika, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Jaribu kwenye ngazi ya kawaida iliyoegeshwa ukutani, mtu akiishikilia chini. Panda vipago vitatu, kaa hapo uhesabu hadi 60, shuka. Kesho panda vinne.